Mombasa hadi Nairobi na Watoto Garini: Mwongozo Kamili wa Kuwashughulisha Njia Nzima

Kutoka kisiwani hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Gari la familia lenye watoto, likisimama inavyopaswa, huchukua muda wa saa tisa hadi kumi, na malori ya bandarini yanaweza kuongeza zaidi. Mtu mzima huvumilia kwa sababu anaujua mwisho wa safari. Mtoto wa miaka minne hana kipimo hicho. Kwake safari ni kiti, mkanda na mgongo wa mtu aliye mbele yake.

Wazazi wengi hujaza mkoba vitu vya kuchezea, na bado kilio kinaanza kabla ya Mariakani. Vitu si vichache. Kilichokosekana ni mpangilio. Mtoto mwenye joto, njaa, mkojo au kichefuchefu hachezi, hata ukimpa duka zima. Kwa hiyo anza na mwili wake. Mwili ukitulia, mwoneshe yaliyo nje ya dirisha, kisha ingia michezo ya mdomo, halafu vitu vya mkononi. Skrini ije mwisho. Ukianza na simu mkiwa Changamwe, hakuna kitendawili wala penseli itakayoshindana nayo baadaye, na bado mna siku nzima barabarani.

Saa ya kuondoka

Ondokeni baada ya sala ya alfajiri, saa kumi na moja na robo hivi. Kuna faida tatu. Mnapita Changamwe na Miritini kabla foleni haijakaza, kunapambazuka mkikaribia Mariakani kwa hiyo dereva haendi gizani kwa muda mrefu, na watoto hulala tena. Usingizi huo huwavusha Samburu, Taru na Mackinnon Road, nyika ambayo mtoto mdogo huiona haina kitu. Safari ya usiku kucha tunaikataa: ndiyo, watoto hulala, lakini dereva naye huchoka, na barabara hii ina malori mengi yanayopitana gizani.

Ratiba inayofuatika ni hii: Voi saa mbili asubuhi kwa chai, Mtito Andei saa nne, Makindu saa tano na nusu, Emali saa saba kasoro robo, Nairobi saa tisa na nusu alasiri. Mkichelewa, msifute kituo ili kufidia muda. Dakika 20 mlizookoa zitalipwa kwa saa nzima ya ugomvi.

Angalia jua pia. Mkielekea Nairobi, jua la asubuhi hutoka nyuma upande wa kulia. Baada ya adhuhuri huhamia mbele upande wa kushoto. Chukua kanga mbili na vibanio vinne vya nguo, uzibe dirisha la nyuma la upande unaochomwa. Mbele kusizibwe, wala kioo cha nyuma anachotazamia dereva. Mtoto anayepigwa na jua usoni hukasirika bila kujua kwa nini, na mzazi hudhani amechoshwa na mchezo.

Siku mbili kabla: utepe wa miji

Hiki ndicho kifaa cha kwanza kutengeneza, na ndicho kinachopunguza swali la "tumefika?" kuliko kingine chochote. Unahitaji karatasi ngumu ya manila yenye upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 50, kalamu, uzi na kibanio kimoja cha nguo.

1. Piga mstari katikati ya utepe. Sentimita moja ni kilomita 10.
2. Andika Mombasa kwenye sifuri. Weka Mariakani karibu na 3.5, Mackinnon Road 9, Voi 15, Mtito Andei 24, Kibwezi 29, Makindu 31, Emali 36, Sultan Hamud 38, makutano ya Machakos 42, Nairobi 48. Ni vipimo vya kukadiria, na vinatosha.
3. Kando ya kila mji chora kitu kimoja cha kutafuta: mizani ya malori Mariakani, msikiti kando ya reli Mackinnon Road, mlima Sagalla Voi, mbuyu kabla ya Kibwezi, hekalu la Masingasinga Makindu, matunda Emali.
4. Toboa pembe mbili za juu, tia uzi, ning'iniza nyuma ya kiti cha abiria wa mbele. Usining'inize kwenye kioo cha dereva.
5. Bana kibanio Mombasa. Kila mkipita mji, mtoto mmoja anakisogeza. Wapokezane, mtoto wa kwanza asigeuze kazi hiyo kuwa yake.

Kosa la kawaida ni kuandika saa badala ya miji. Lori moja likiharibika Maungu, saa zote zinakuwa uongo na mtoto anaanza kukudai. Miji haisogei.

Wakati huohuo andaa mafungu. Kila mtoto mfungie vitu sita vidogo, kila kimoja ndani ya gazeti, na juu yake uandike jina la mji. Fungu linafunguliwa mji huo ukifikwa, si kabla. Ndani tia karatasi ya stika, penseli mpya, kigari kidogo, kitendawili kilichoandikwa, pakiti ya kashata, picha ya kupaka rangi. Bei haina maana. Kinachowashika ni kungoja na kufungua. Ndugu wapewe vitu vinavyolingana. Kigari chekundu kwa mmoja na cha buluu kwa mwingine kinatosha kuanzisha vita, basi nunua rangi moja.

Mkoba wa kila mtoto

Mmoja kwa kila mtoto, mdogo, unaokaa miguuni pake. Tia ndani:

- Mkebe wa biskuti wa bati. Ndani huhifadhi vitu, na mfuniko wake ni meza. Ujaribu kwa sumaku kabla: bati hushika, lakini sinia nyingi za nyumbani ni za alumini na sumaku haishiki kabisa. Herufi za sumaku ziwe kubwa. Vile vidude vidogo vya duara vyenye sumaku kali viache nyumbani. Vikimezwa viwili vinaweza kubana utumbo na kuutoboa.
- Penseli za rangi 8, fupi. Krayoni huyeyuka zikiachwa jua likipiga, na doa lake kwenye kitambaa cha kiti halitoki kirahisi. Kalamu za wino mzito hupoteza vifuniko.
- Daftari moja lisilo na mistari na ubao wenye kibano.
- Uzi wa mita 1.5 uliofungwa duara, kwa michezo ya kusuka vidoleni. Huu ni wa watoto wa miaka saba kwenda juu tu, kwa sababu mdogo anaweza kuuvaa shingoni.
- Kikaragosi au mwanasesere mmoja laini.

Plastisini na ute wa kuchezea usibebe. Joto la Tsavo huvigeuza gundi. Vitu vizito na vyenye ncha viende kwenye buti, kwa sababu breki kali ikipigwa, kitu chochote kigumu hurushwa mbele kwa nguvu ya kuumiza. Na hakuna mchezo unaostahili kufunguliwa mkanda. Mtoto mdogo akae kwenye kiti chake cha gari kilichofungwa nyuma. Kumpakata mbele hakumlindi, maana mikono ya mzazi haiwezi kumshika gari likigonga.

Tumbo

Kichefuchefu cha gari hutokea kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo huku macho yakitazama kitu kilichotulia, kama kitabu au simu. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio huathirika zaidi. Kuelewa kisa hiki kunakupa nusu ya dawa: mpe mtoto kitu cha kutazama kilicho mbali, mbele, nje ya gari.

Kabla ya kuondoka apewe kitu chepesi: kipande cha mkate mkavu, ndizi, au kiazi kitamu cha kuchemsha. Mahamri ya moto na chai ya maziwa ni matamu, lakini yasubiri Voi. Mafuta hukaa tumboni, na mtoto akiamshwa alfajiri tumbo lake halijawa tayari.

Dalili huja kwa mpangilio, na anayekaa nyuma azijue: mtoto aliyekuwa akisema ananyamaza ghafla, anapiga miayo, mate yanamjaa, uso unapauka, jasho jembamba linatoka. Ukiona mbili kati ya hizo:

1. Ondoa kitabu au skrini mara moja.
2. Fungua dirisha kidogo, au elekeza hewa baridi usoni.
3. Mwambie atazame mlima au barabara ya mbele, kichwa kikiegemea kiti.
4. Mpe kopo mkononi kabla hajaliomba.
5. Mwambie dereva atafute pa kusimama salama, si ukingoni mwa barabara palipojaa malori.

Kopo hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mnamo Agosti 2017, kwa hiyo ile njia ya zamani ya kushika mfuko wa dukani haipo. Tumia kopo la aiskrimu la lita 2 lenye mfuniko unaobana. Tia karatasi za choo chini, zifyonze. Makopo mawili yanatosha kwa mtoto mmoja mwenye tabia hiyo. Pamoja nalo beba taulo mbili, nguo jozi moja, maji lita 2 ya kuoshea, na soda ya kuokea ya kunyunyiza kitini ili harufu isiwaangushe wengine. Mtoto mmoja akitapika, harufu hufuata kwa ndugu yake ndani ya dakika chache.

Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, lakini mwulize mfamasia au daktari kwa umri na uzito wa mtoto. Hutolewa kabla ya safari. Mtoto akishaanza kutapika, za kumeza hazimfai sana. Baadhi huleta usingizi, na kwa watoto wachache hufanya kinyume, wakawa hawatulii kabisa. Usijaribu dawa mpya kwa mara ya kwanza siku ya safari.

Chakula kama mchezo, na choo

Kula ni shughuli, basi igawe ichukue muda. Badala ya mfuko mmoja mkubwa, mpe kila mtoto mkebe wenye vyumba: krisps za muhogo, vipande vya embe bichi bila pilipili nyingi, visheti, tende mbili zilizotolewa kokwa. Mabuyu hushughulisha mtoto mkubwa kwa nusu saa nzima, lakini rangi yake nyekundu huganda midomoni, vidoleni na kitini, na kokwa yake inaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitano. Vivyo hivyo karanga, zabibu nzima na peremende ngumu. Gari likiwa linaenda, kumwokoa mtoto aliyekabwa ni vigumu mno, hivyo wadogo wapewe laini tu. Peremende zenye kijiti zisitumike kabisa garini.

Maji yatolewe kidogo kidogo, nusu kikombe kila baada ya dakika 30 au 40. Wazazi wengine huwanyima watoto maji ili wasiombe choo. Matokeo yake ni maumivu ya kichwa na hasira, katika joto la nyika. Bora kusimama.

Kanuni ya choo iwe moja: kila kituo, kila mtu anakwenda, hata asiyehisi. Voi hasa. Kati ya Voi na Mtito Andei barabara inapita katikati ya Tsavo, mbuga kwa upande huu na huu, na hapo si pa kumshusha mtoto vichakani. Simba, nyati na ndovu hawana habari na haraka yenu. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne beba poti yenye mfuniko. Itumike gari likiwa limesimama.

Mariakani hadi Voi: namba za magari

Watoto wakiamka, anza na huu. Barabara hii ndiyo njia ya mizigo ya bandari kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, kwa hiyo namba za nchi nyingine si adimu. Namba za Kenya huanza na K. Za Uganda na U. Za Rwanda na R. Tanzania huandika T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Matela ya Kenya huanza na Z, na hapo ndipo watoto hubishana, basi elezeni mapema.

Pointi: Kenya hakuna, Uganda 1, Rwanda 2, Tanzania 3, nchi nyingine yoyote 5. Anayeona kwanza asome namba yote kwa sauti, vinginevyo pointi hazihesabiwi. Bila sharti hilo, mtoto wa miaka sita ataona Rwanda kila lori. Mtoto asiyejua kusoma apewe rangi: ahesabu malori mekundu, na mwenzake ya buluu. Mchezo ufungwe kwa pointi 20. Usipokuwa na mwisho, anayeshindwa huchoka kwanza na kuanza kusumbua.

Mahali bora ni foleni ya mizani, malori yakiwa yamepanga mstari na gari lenu likienda polepole. Mwendo ukiwa wa kasi, macho yanayofukuza namba huleta kichefuchefu, badilisha mchezo.

Voi hadi Mtito Andei: kutazama

Hapa zima kila kitu. Zima redio, kusanya madaftari. Ni kipande chenye thamani kubwa kuliko vyote, na inasikitisha kuona watoto wakikipita wameinamia simu.

Tsavo ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1948, kisha ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Ndovu wake ni wekundu kwa sababu hujipaka vumbi na tope la udongo mwekundu. Mwambie mtoto ndovu ni wa kijivu kama wengine, na umwache akisie sababu kabla ya kumweleza. Reli mpya ya kisasa, SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017, imeinuliwa juu ya tuta na ina mapito ya wanyama chini yake. Kazi ya mtoto ni kutafuta mapito hayo na kuona kama kuna nyayo au mnyama. Gawa madirisha: wa kushoto anatazama Magharibi, wa kulia Mashariki. Anayeona mnyama anasema jina na upande, kwa mfano "twiga, kulia!", bila kupiga kelele zinazomshtua dereva. Msisimame ghafla kwa ajili ya ndovu, na msishuke.

Mkikaribia mto Tsavo, watoto wa miaka minane kwenda juu wasimulieni habari ya simba wawili wa mwaka 1898. Reli ya kwanza, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ilipofika hapa kujenga daraja, simba wawili madume wasio na manyoya marefu ya shingoni waliwashambulia wafanyakazi usiku, miezi kadhaa, hadi kazi ikasimama. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua mwezi Desemba. Leo wamo kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Wadogo wakiwa macho, iacheni hadithi hii. Wataikumbuka usiku mkiwa mmelala ugenini.

Mkiamua kuingia mbugani, kumbukeni kwamba tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja hazikubaliwi ndani ya hifadhi. Maji yawe kwenye chupa za kudumu.

Michezo ya mdomo

Kipindi baada ya Mtito Andei kinafaa kwa sauti. Vitendawili vinashinda mchezo wowote wa kununua, na vina utaratibu ambao barabara hii inaupendezesha. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wengine "Tega!". Wakishindwa, anadai mji. Weka sharti: mji unaotolewa uwe kwenye utepe na msiwe mmeshaupita. Akipewa Makindu, mtegaji anasema, "Nilikwenda Makindu, nikala, nikanywa, nikalala kwa watu wema, wakaniambia..." na hapo anatoa jibu. Kadiri gari linavyosonga, miji inapungua, na watoto wanajifunza njia bila kufundishwa. Miji ikiisha karibu na Nairobi, irudieni iliyopita kwa mpangilio wa nyuma.

Anza na rahisi: "Kila niendapo ananifuata" (kivuli). "Nyumba yangu haina mlango" (yai). "Ajenga ingawa hana mikono" (ndege). Kisha panda: "Kuku wangu katagia mwibani" (nanasi). "Popo mbili zavuka mto" (macho). "Huku ng'o na huko ng'o" (giza). Vikiisha, kila mtoto atunge kimoja kwa kitu anachokiona dirishani: mbuyu, shamba la mkonge, kichuguu, tela lililopinduka. Hapa ndipo mchezo unapokuwa wao. Usisahihishe utunzi, uliza tu kama jibu linaonekana nje.

Baada ya nusu saa geukia hadithi. Fungueni kwa "Paukwa!" "Pakawa!", na sahani ya mchele, na giza la mwizi. Msimulizi wa kwanza awe mtu mzima, dakika tano, kisha akatize katikati: Sungura amefika kisimani, Fisi yuko nyuma ya kichaka. Mtoto anaendelea, kisha mwingine. Sharti moja la kuwazuia wasiue kila mtu kwenye hadithi: kila msimulizi aongeze mhusika au mahali papya. Hadithi ikichacha, mtu mzima anairudisha kwa kuleta mvua.

Kuna jambo wachache hufanya, nalo ni zuri mno. Wiki moja kabla, mwombeni bibi au babu asimulie hadithi mbili, mrekodi kwa simu, dakika kumi kila moja, chumba kikiwa kimya na feni ikiwa imezimwa. Hifadhini ndani ya simu, kwa kuwa mtandao hukatika njiani. Mtoto aliyekataa kila kitu hunyamaza akisikia sauti ya bibi yake ikitoka kwenye spika za gari.

Mchezo wa "naona kitu chenye herufi fulani" hufeli garini kwa sababu kitu hupita kabla hakijakisiwa. Tumia vitu vinavyokaa: milima, reli, vilivyomo ndani ya gari.

Makindu na skrini

Simameni Makindu nusu saa nzima. Hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli, hupokea wasafiri wa dini zote na kuwapa chakula cha mboga bila malipo. Vueni viatu, funikeni vichwa (kanga zile za dirishani zinafaa), na msiingie na sigara wala pombe. Waelezeni watoto adabu hizo mkiwa bado garini, si mlangoni. Popote mtakaposimama, dakika kumi za kwanza ziwe za mwili: kukimbia mara tano kati ya miti miwili, kuruka kwa mguu mmoja, kuvutana kwa kanga. Mtoto aliyekaa chini kula moja kwa moja anarudi garini na nguvu zilezile alizotoka nazo.

Sasa toa skrini. Kati ya Makindu na Emali joto limepanda, michezo imeisha na barabara haina kona nyingi. Filamu au michezo ipakuliwe nyumbani na ijaribiwe simu ikiwa haina mtandao. Programu nyingi hudai intaneti dakika hiyo hiyo unayoihitaji. Chombo kining'inizwe nyuma ya kiti, usawa wa macho. Kikipakatwa, shingo huinama na tumbo huchafuka. Dakika 40, kisha pumziko la dakika 20. Taja mwisho kabla ya kuanza kwa kutumia mji, "tunazima Emali", na uonyeshe kwenye utepe. Baada ya Sultan Hamud, mji wenye jina la mtawala wa Zanzibar, barabara inaingia vilima vya Salama na kona zake. Hapo skrini zifungwe hata kama filamu haijaisha, kwa sababu ndipo wengi hutapika.

Wakigombana

Ugomvi mwingi ni wa mipaka. Weka mto katikati ya watoto wawili. Wakiwa watatu, yule asiyegombana na yeyote akae kati, na nafasi zibadilishwe kila kituo. Dereva asiwe hakimu wala asigeuke. Mtu mzima mwingine ndiye mwenye neno, na akitamka jambo dereva asilipinge. Kelele zikizidi, jaribu mchezo wa kimya: anayekaa dakika tatu bila sauti huchagua wimbo unaofuata. Hufanya kazi mara mbili kwa siku. Mara ya tatu haufui dafu, hivyo uhifadhi mmoja kwa foleni ya Mlolongo, mkikaribia Nairobi.

Kwa foleni hiyo weka pia fungu la mwisho, lile la Nairobi, na ulitoe magari yakisimama badala ya kungoja mlangoni kwa wenyeji. Watoto wakiwa hapo ni wachovu na wanaona majengo, wanadhani wamefika, na saa nzima inaweza kuwa imebaki.

Kurudi pwani

Usitumie mafungu yaleyale. Geuza utepe, kibanio kianzie Nairobi. Jua sasa ni la mbele kushoto asubuhi na la nyuma kulia jioni, basi kanga zihamie. Emali nunueni machungwa au maembe, kila mtoto achague matano kwa mkono wake na kuyahesabia pesa. Osheni makopo usiku wa kuamkia safari, kagueni mikoba, badilisheni penseli zilizovunjika, na mjaze betri za simu kabla hamjalala.